Fungua Sanduku: Stori ya Maneno Mseto ya Kiingereza, Kutoka Brunch Hadi Advertorial

Nilipokuwa darasa la saba niliandika insha kuhusu Jumapili nyumbani kwetu. Ibada yetu ilikuwa inaisha saa nane, halafu washirika wanabaki nje wakisalimiana kama watu ambao hawajaonana miaka kumi. Tukifika nyumbani, mama awashe jiko, chakula kiive, ni saa kumi na kitu. Sasa hicho chakula utakiita nini? Cha mchana kimepita, cha jioni bado. Shuleni tulikuwa tumefunzwa kwamba chakula cha mchana ni chamcha na chakula cha jioni ni chajio. Kwa hivyo mimi, kwa roho safi kabisa, nikaandika kwamba mama alitupakulia chamjio.

Mwalimu akalizungushia kalamu nyekundu. Pembeni akaandika: "Hakuna neno kama hili." Nikaenda mbele nikamuuliza, "Mwalimu, kwani chamcha lilitoka wapi?" Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Jioni hiyo nilifagia darasa peke yangu.

Kilichoniuma si ufagio. Muhula huohuo, kwenye somo la Kiingereza, tulifunzwa neno brunch, chakula kilicho katikati ya breakfast na lunch. Tukaambiwa ni neno zuri, lipo kwenye kamusi, litumieni kwenye insha mtapata alama. Yaani Mwingereza akichanganya vyakula viwili ni msamiati, mimi nikichanganya ni makosa?

Swali hilo nilikaa nalo miaka mingi kama utani. Halafu mwaka jana neno moja la aina hiyo likaniponza vibaya, mimi na mtu mwingine aliyeniamini. Nitafika hapo. Lakini kwanza wacha tuangalie haya maneno yalitoka wapi, kwa sababu historia yake ndiyo ingeniokoa kama ningekuwa naijua.

MUKIMO, SI GITHERI

Kuna njia mbili za kuunganisha maneno, na kila Mkenya aliyekula vizuri anazijua. Chukua neno football. Hilo ni githeri. Foot iko pale nzima, ball iko pale nzima, ukitaka unachagua mahindi unaacha maharagwe. Sasa chukua smog. Hilo ni mukimo. Ndani kuna smoke, yaani moshi, na fog, yaani ukungu, lakini vyote vimepondwa. Umebakiwa na kichwa cha moja na mkia wa nyingine, na usipoambiwa huwezi kujua viazi vilianzia wapi na mahindi yakaishia wapi.

Haya ya kupondwa ndiyo nayaita maneno mseto. Kwa Kiingereza yanaitwa portmanteau, na hilo jina lina stori yake. Portmanteau lilikuwa sanduku la safari, la ngozi, linalofunguka katikati kama kitabu: nusu huku, nusu huku. Jina lenyewe ni la Kifaransa, kubeba na koti.

Aliyelitoa kwenye safari akalileta kwenye lugha ni Lewis Carroll, yule mwandishi wa hadithi za Alice. Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, na kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu Oxford. Kitabu chake cha pili cha Alice, Through the Looking-Glass, kilitoka mwishoni mwa 1871. Mle ndani kuna shairi limejaa maneno ambayo hakuna mtu aliwahi kuyasikia, na Alice anamwendea Humpty Dumpty, yule jamaa mwenye umbo la yai, amweleze. Humpty Dumpty anamwambia kwamba neno slithy, kwa mfano, ni kama lile sanduku: ndani umefungasha lithe, mwepesi wa kujipinda, na slimy, mwenye utelezi. Maana mbili, sanduku moja.

Carroll alikuwa anacheza tu. Lakini moja ya maneno ya shairi hilo, chortle, lilitoka kitabuni likaenda mtaani. Linachukuliwa kuwa chuckle na snort, kicheko cha chini kilichochanganyika na mkoromo wa pua. Leo liko kwenye kamusi zote na watu wanalitumia bila kujua kwamba lilianza kama mchezo wa mwalimu wa hesabu.

BRUNCH LILIPONA, BLUNCH LIKAFA

Tukirudi kwenye brunch. Mwaka 1895 mwandishi mmoja Mwingereza, Guy Beringer, alichapisha makala kwenye jarida la Hunter's Weekly akipigania chakula kipya cha Jumapili. Hoja yake ungedhani imeandikwa wiki jana na msee wa Kilimani. Mtu aliyekesha Jumamosi hataki kuamshwa mapema kwa ajili ya kifungua kinywa, na pia hataki kurushwa moja kwa moja kwenye nyama nzito za mchana. Mpe kitu cha katikati, saa ya katikati, na kampani ya kupiga nayo stori.

Mwaka uliofuata, jarida la vichekesho la Punch likaeleza kwamba wanafunzi wa chuo walikuwa wameshaligawanya neno hilo mara mbili. Chakula kikiwa karibu na saa za asubuhi kiliitwa brunch. Kikiwa karibu na saa za mchana, kiliitwa blunch.

Umewahi kusikia mtu akikualika blunch? Mimi pia sijawahi. Yalizaliwa pamoja, yakatengenezwa kwa njia ileile, moja likazunguka dunia hadi kwenye menyu za Westlands na lingine likazikwa Uingereza. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua. Watu walihitaji neno moja tu, wakachukua moja. Ndiyo maana kalamu nyekundu ya mwalimu wangu haikuua chamjio. Kilichoiua ni kwamba watu wengi hawana Jumapili kama ya kwetu.

GAVANA NA MJUSI

Lakini si kila neno mseto lilizaliwa mezani. Mengine yalizaliwa kwenye vita, na ninalolipenda zaidi ni la kale kuliko Carroll mwenyewe.

Mwaka 1812, gavana wa jimbo la Massachusetts kule Marekani alikuwa Elbridge Gerry. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ametia sahihi Azimio la Uhuru la 1776. Mwezi wa pili mwaka huo akaidhinisha sheria ya kuchora upya mipaka ya uchaguzi wa seneti ya jimbo, na mipaka hiyo ilichorwa kukipendelea chama chake. Eneo moja la kaunti ya Essex lilipindwa na kuvutwa, likazunguka miji kadhaa, hadi kwenye ramani likafanana na mnyama.

Tarehe 26 Machi 1812, gazeti la Boston Gazette likachapisha ramani hiyo kama kibonzo. Mchoraji akaliongezea lile eneo mabawa, kucha na meno. Kwa Kiingereza kuna mnyama mwenye umbo la mjusi anayeitwa salamander. Wakatoa kichwa chake, wakamwekea cha gavana. Gerry-mander.

Na ile mipaka ilifanya kazi? Sana. Kwenye uchaguzi wa mwaka huo wapinzani wa Gerry walipata kura nyingi kidogo kuliko chama chake, lakini chama chake kikatoka na viti 29 vya seneti, wapinzani wakabaki na 11. Gerry mwenyewe alishindwa ugavana. Baadaye akawa makamu wa rais wa Marekani, akafia ofisini 1814. Lakini ukitaja jina lake leo hakuna anayekumbuka 1776. Wanamkumbuka mjusi. Hata matamshi walimharibia: yeye alikuwa Gerry kwa g ya geti, neno lake watu wanalitamka kwa j.

Ona hilo neno lilivyofanya kazi. Ramani ni kitu kikavu. Ukimwambia mtu mipaka ya eneo fulani imepangwa kwa namna inayopunguza uzito wa kura yake, anapiga miayo. Ukimwambia gavana ametengeneza mnyama, anaelewa na anacheka, na hasira inakuja baada ya kicheko. Kitu kilichofichwa kwenye ramani kikawa na sura na jina la mwenyewe. Zaidi ya miaka 200 baadaye neno hilo bado linasimama mahakamani Marekani. Na sisi tulio na maeneobunge 290, ambayo mipaka yake Katiba inataka ipitiwe upya kila baada ya muda, tuna sababu ya kulijua.

MOSHI NDANI YA UKUNGU

Sasa hili la smog ndilo la maana kuliko yote, kwa hivyo tulia kidogo.

London ya karne ya 19 ilikuwa maarufu kwa ukungu wake. Wasanii waliuchora, waandishi wakaupamba, wageni wakauona kama sehemu ya utalii. Na neno lililotumika lilikuwa fog, ukungu. Ukungu ni kitu cha asili. Ukungu ni kazi ya Mungu, nani atamshtaki Mungu?

Shida ni kwamba mle ndani mlikuwa na kitu kingine. Kila nyumba ilikuwa inachoma makaa ya mawe na kila kiwanda pia. Moshi ulikuwa unapanda, unakutana na ukungu, vinashuka pamoja hadi kwenye mapafu ya watu.

Mwaka 1905, daktari mmoja aliyeitwa Henry Antoine Des Voeux aliwasilisha mada kwenye mkutano wa afya ya umma London. Alikuwa kwenye chama kilichopigania kupunguzwa kwa moshi wa makaa ya mawe. Neno smog likavuma kutoka pale. Fikiria alichofanya. Alichukua neno ambalo watu walilichukulia kama hali ya hewa, akaweka moshi ndani yake. Na moshi una mwenyewe. Moshi unatoka kwenye bomba la mtu, na huyo mtu unaweza kumwuliza maswali.

Je, jina likaokoa watu? Hapa historia inakuwa chungu. Miaka 47 ikapita. Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1952, baridi kali ikashika London. Watu wakaongeza makaa kwenye moto. Hewa ya juu ikawa na joto kuliko ya chini, ikakaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa, na moshi ukakosa pa kwenda. Ilikuwa hivyo hadi Jumanne tarehe 9. Makondakta walitembea mbele ya mabasi na tochi wakimwonyesha dereva barabara. Kwenye ukumbi wa Sadler's Wells onyesho la opera lilikatizwa kwa sababu smog ilikuwa imeingia ndani. Ng'ombe walioletwa kwa maonyesho ya Smithfield wakaanza kufa.

Na watu wakafa. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama 4,000. Vifo viliendelea kuwa vingi miezi iliyofuata, serikali ikasingizia mafua. Watafiti waliorudi kuhesabu miongo mingi baadaye walifika karibu 12,000.

Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi, Clean Air Act, iliyoruhusu kuwekwa maeneo ambayo huwezi kuchoma makaa yenye moshi. Jina peke yake halikuwa limemwokoa mtu, lazima niseme ukweli. Lakini siku watu walipotaka kuuliza nani aliua jirani zao, neno lililokuwa mdomoni mwao lilikuwa tayari na jibu nusu. Wangekuwa na fog peke yake, wangeambiwa ni msimu tu, utapita.

SIMU YAKO IMEJAA MASANDUKU

Baada ya hapo maneno mseto yakawa kama matatu za Ngong Road, moja haijaondoka nyingine imefika. Gari zilipoenea Marekani, msanifu majengo Arthur Heineman alifungua nyumba ya wageni ya wenye magari huko San Luis Obispo, California, mwaka 1925. Motor na hotel: motel. Halafu mwaka 1965 mwanasiasa wa Uingereza, Iain Macleod, aliliambia bunge kwamba nchi ina mambo mawili mabaya kwa pamoja: uchumi umekwama, yaani stagnation, na bei zinapanda, yaani inflation. Akayafunga pamoja: stagflation. Kama umewahi kukosa kazi na unga ukapanda bei wiki hiyohiyo, unajua anachoongelea.

Lakini waliochanganya zaidi ni watu wa teknolojia. Bit, ile unayolipia kwenye bando, ni binary digit. Claude Shannon alilitumia kwenye kazi yake maarufu ya 1948 na akasema amelitoa kwa John Tukey. Pixel, zile nukta za kamera unazojivunia, ni picture na element, neno la miaka ya 1960. Modem ni vichwa viwili bila mkia: modulator na demodulator. Malware ni malicious na software.

Blog ina stori yake. Lilianza kama weblog mwaka 1997, daftari la mtandaoni. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata kwa utani mahali pasipo pake, likasomeka we blog, na mkia ukajitegemea. Na podcast? Mwaka 2004 mwandishi Ben Hammersley, kwenye gazeti la The Guardian, alitafuta jina la vipindi vya sauti vya mtandaoni. Akachukua iPod na broadcast. Apple waliacha kutengeneza iPod mwaka 2022. Kifaa kimekufa, jina lake bado liko kwenye kila podikasti unayosikiza. Kuna watoto wanaorekodi podikasti leo na hawajawahi kushika iPod.

Halafu kuna mtego. Emoji. Karibu kila mtu anadhani imetoka kwa emotion, kwa sababu zile sura zinalia na kucheka. Hapana. Ni Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Kufanana na emotion ni bahati tu. Nimeiweka hapa makusudi, kwa sababu ukishajua kufungua masanduku unaweza kuanza kufungua hata yasiyo na kufuli. Angalia kwanza kama ni sanduku.

NA SISI JE?

Kama unadhani huu ni mchezo wa wazungu peke yao, angalia ramani upande wa kusini. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Miezi michache walitumia jina refu la nchi zote mbili, halafu Oktoba mwaka huo ikawa Tanzania. Tan na Zan, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Nchi nzima inaishi ndani ya neno mseto, na mjadala wa nani ana nafasi gani ndani ya sanduku hilo bado unaendelea huko.

Kwetu shuleni tunaambiwa kompyuta ni tarakilishi. Ndani kuna tarakimu na akili. Chamcha na chajio nimeshataja. River Road iliyouza filamu za mtaani ikazaa Riverwood, mjukuu wa Hollywood kupitia Bollywood ya Bombay. Wizi ulipozidi jijini, mtu akasema Nairobbery, na hakuna aliyehitaji maelezo. Na Sheng yenyewe, lugha tuliyokatazwa kuongea getini, maelezo yanayojulikana zaidi ya jina lake ni Swahili na English.

Siasa pia ilitumia. Mwaka 2013 watu wawili, Uhuru na Ruto, walifungwa kwenye neno moja, UhuRuto, na neno lenyewe lilikuwa linakuambia hawa ni kitu kimoja. Kufikia uchaguzi wa 2022 nusu mbili za neno hilo zilikuwa kambi mbili tofauti. Hapo nikaanza kuelewa kwamba neno mseto linaweza kuunganisha vitu ambavyo havijaungana.

SANDUKU NILILOBEBA BILA KUFUNGUA

Sasa ile stori niliyoahidi.

Mwaka jana kampuni moja ilinitumia ujumbe. Walikuwa na programu ya simu ya kuwekeza pesa, walipenda ninavyoelezea vitu, walitaka niandike kitu cha kuelimisha vijana kuhusu kuweka akiba. Shilingi 15,000. Kwangu hiyo ilikuwa kodi ya nyumba. Kwenye makubaliano kazi yangu iliitwa advertorial. Nilisoma hilo neno, nikaona liko poa, lina sauti ya kiofisi, nikatia sahihi. Kulikuwa na sharti dogo: nisiseme kwamba nimelipwa, ndiyo iwe ya asili.

Nikaandika. Ilikuwa nzuri hata, nilianza na stori ya nyanya yangu na chama chake. Mwisho nikaweka kiungo.

Miezi miwili baadaye msomaji mmoja akaniandikia. Dada mdogo tu, yuko chuo. Alikuwa ameweka shilingi 6,000 zilizokuwa za hosteli. Programu ilikuwa haifunguki, nambari ya huduma haishikwi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wewe zako ulizitoa aje?"

Mimi sikuwa nimeweka hata shilingi.

Nilifuta ile makala siku hiyo, nikamrudishia alichopoteza kutoka kwa mfuko wangu, kidogo kidogo. Sisemi hivyo ndiyo mnisifu. Nasema kwa sababu usiku ule nilirudi kwenye makubaliano nikaliangalia lile neno vizuri kwa mara ya kwanza. Advertisement na editorial. Tangazo na tahariri. Vitu viwili ambavyo magazeti yalizoea kuvitenga kwa mstari mnene, kimoja unalipiwa useme, kingine unasema kwa sababu unaamini. Mtu alichukua ule mstari akaupondaponda, na mimi nikala mukimo nikasema ni tamu. Wangeniambia kwa Kiswahili, tuandikie tangahariri, nadhani ningeshtuka. Au pengine nisingeshtuka, maana kodi ni kodi. Lakini angalau ningejua ninachobeba.

Hapo ndipo Des Voeux alinirudia akilini. Yeye pia alichanganya vitu viwili. Lakini kabla ya smog moshi ulikuwa umejificha ndani ya ukungu, na baada ya smog ukaonekana. Wale wa Boston walifanya vivyo hivyo, mjusi alitoka kwenye ramani. Advertorial ni kinyume. Tangazo lilikuwa linaonekana, halafu likaingizwa ndani ya makala lisionekane tena. Ufundi wa kuchanganya ni uleule, ila mmoja anafichua na mwingine anaficha.

Kwa hivyo siku hizi nikikutana na neno mseto jipya nalifungua kwanza. Nauliza ndani kuna nini na nini. Halafu nauliza aliyelifunga alitaka nione nini, na alitaka nisione nini. Jaribu na finfluencer, finance na influencer: mshauri wa pesa amechanganywa na mtu anayelipwa kuvutia macho. Sisemi wote ni wabaya. Nasema ukilikata katikati unajua swali la kuuliza, analipwa na nani leo? Jaribu pia na infomercial na edutainment. Mengine utakuta ni safi kabisa. Brunch haijawahi kumuibia mtu, labda bei tu.

Na kwa mwalimu wangu wa darasa la saba, popote alipo, sina kinyongo. Lugha ilitengenezwa hivi tangu zamani, na watu wenye njaa, hasira au mapafu yanayouma ndio walioitengeneza, kamusi ikaja baadaye kuandika. Lakini alikuwa sahihi kuzungushia neno nisilojua lilikotoka. Kosa lake ni kwamba aliandika "hakuna" badala ya kuuliza "ndani kuna nini?" Ningemjibu vizuri tu.

Nyumbani kwetu, kwa njia, neno bado lipo. Jumapili iliyopita kakangu mdogo alipiga simu saa tisa na nusu akauliza, "Mtanibakishia chamjio?" Tuko watu watano tunaoliongea duniani. Wewe mtaani kwenu mna neno gani ambalo haliko kwenye kamusi, na ukilifungua ndani kuna nini? Niandikie. Nitalizungushia kalamu ya kijani.